Aliyeitikia Nyuma ya Kihenge

Jioni hiyo walioitikia hadithi walikuwa wawili, na nyumbani humo mwitikiaji alikuwa mmoja tu.

Kijijini kwao, Iguguno, msimulizi hasimulii peke yake. Kila akipumua, lazima mtu amwitikie "eeh", ili hadithi isianguke chini. Katika tembe la Zefania kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Dorika, na ilikuwa kazi kwelikweli, maana mwanamume yule alikuwa na maneno! Ujanani, Mwingereza ndiyo kwanza ameshika nchi, alivuka bahari kukodisha bunduki yake kwa sultani mdogo wa milima ya Uarabuni, aliyewalipa askari wageni kwa tende na ahadi. Mara aliiba ngamia wa adui, ngamia akampeleka hukohuko kwa adui. Mara alijifunika buibui akapita katikati ya walinzi, na masharubu yake yote! Majirani walicheka mpaka wakafuta machozi.

Alikwenda huko na Naftali, kaka yake Dorika. Alirudi peke yake, na habari kwamba mwenzake alikufa kifua mbele, kwa risasi. Baba yao Naftali na Dorika, kule Ilongero, alilia, akajivuna, kisha akamwoza Zefania bintiye kwa heshima ya marehemu.

"Basi tukakimbia kutwa nzima bila maji," alisema Zefania jioni hiyo.

"Eeh," akaitikia Dorika.

"Eeh," ikaitikia sauti ya kiume nyuma ya kihenge cha mtama.

Zefania alicheka kama mtu anayetaka na wengine wacheke. Hakuna aliyecheka. Kiangazi kile kilikuwa kimekausha hata lambo la ng'ombe, lakini nyumba ilinuka tope bichi.

Dorika alizunguka kihenge na kijinga cha moto, akakuta ukuta tu.

Tangu hapo Zefania alijaribu hadithi nyingine. Haikufaa kitu. Aanze na ngamia, aanze na buibui, ulimi ulimteleza ukamfikisha siku ileile ya kiu, na sauti ikaitikia, kila safari karibu zaidi, kila safari imekauka zaidi, kama ya mtu aliyepiga kelele mpaka koo likachanika. Na Yunisi, binti yao mdogo, kasuku wa nyumba, akaanza kupotewa na sauti. Kwanza akanong'ona, kisha akawa anafumbua kinywa kikatoka pumzi tupu, mwili wake ukawa wa baridi hata juani, na asubuhi mama yake alipomwosha mikono akakuta tope limejaa chini ya kucha, kama za mtu aliyeparua ukuta mrefu akitafuta pa kushika.

"Baba Yunisi, mtoto anatuacha," alinong'ona Dorika.

Bila kuwaambia watu wa misheni walikosali, alimleta Bibi Kuluthumu, mganga wa mjini Singida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe mtoto."

Bibi alifukiza ubani, akatandika kitambaa chekundu, akamwaga marashi, akasubiri. Hapakutikisika kitu. Aliinuka polepole, uso umembadilika.

"Jini angedai," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hadai chochote. Anasikiliza tu. Baba Yunisi, kuna mahali katika hadithi yako unaruka. Pamalize sasa hivi, mchana huu, kabla mtoto hajapoa kabisa. Na wewe mama umwitikie. Usinyamaze, hata likuume vipi."

Zefania alimtazama mwanawe, akamtazama mkewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya bunduki, maana alijua hawezi kubaki na wote wawili. Akamchagua mtoto.

"Tulifika kwenye kisima kirefu."

"Eeh."

"Naftali alikuwa mwepesi. Nikamteremsha kwa kamba."

"Eeh," alisema Dorika.

"Akanijazia kiriba, nikakivuta juu, nikanywa. Nikaona vumbi la farasi wa adui."

"Eeh."

"Hakuna risasi iliyompata, Mama Yunisi. Alikuwa mzima. Alikuwa ananiita nimvute, ananiita kwa jina. Nikaiachia kamba, nikakimbia."

Nyumba ilinyamaza. Nyuma ya kihenge palinyamaza pia, na harufu ya tope ikapanda mpaka Bibi Kuluthumu akajiziba pua kwa ushungi, na baridi ikatambaa sakafuni ikapita kati yao, na mtoto akaacha kupumua, na wote wakamtazama Dorika, ambaye machozi yalimtiririka na midomo ikakataa kufunguka, ikakataa, ikakataa, mpaka alipomkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Eeh," alisema.

Yunisi akalia. Kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa, na joto likamrudia mwilini.

Zefania alipiga magoti amshike. Dorika aliuondoa mkono wake bila kelele, akamfunga mtoto mgongoni kwa kaniki, akaenda mlangoni. Pale akasimama kando, kama mtu anayempisha mwingine apite.

"Tangulia, kaka," alisema. "Baba anakungoja Ilongero."

Kisha akainama, akatoka. Juu ya vumbi la njiani, mbele ya miguu yake, zilitokea nyayo za tope, moja baada ya nyingine.

Zefania alisimama mlangoni akamwita mkewe, akamwita tena. Hakuna aliyemwitikia.