Chupa Chini ya Machungwa

Maiti ya Luka, dereva, ilikuwa imelala kifudifudi kando ya lori lake pale mtaani Makorora, kichwa kimepondwa. Machungwa ya Muheza yalikuwa yametapakaa barabara nzima, mengine yamepasukia kwenye damu. Lori lilikuwa bado linafuka moshi.

Inspekta Uweso alichuchumaa. Mawe. Magongo. Mchi wa kutwangia, ncha yake nyekundu. Sanduku la mbao lililovunjwa kwa panga, na chupa zilizopasuka zikivuja kitu chekundu.

"Damu za watu hizo, Afande," alisema askari wa zamu, akirudi nyuma. "Mumiani kweli huyu."

Uweso alichovya kidole, akanusa.

"Divai," alisema. Ubao wa sanduku ulikuwa na chapa ya kanisa la Walutheri. "Wamemuua mtu aliyebeba divai ya kanisani."

Wiki nzima mji haukuwa na habari nyingine. Watu wa dawa ya malaria walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiwatoboa watoto vidole, wakaondoka na damu bila kueleza. Basi maelezo yakatafutwa vibarazani: mumiani wameingia, wananyonya watu damu wakaiuze. Akina mama wakawafungia watoto ndani. Kilichokuwa kimebaki ni kiberiti.

Asubuhi ile kikawashwa. Polisi walipofika, walimpiga virungu kila mwenye miguu. Wakarushiwa mawe, wakafyatua risasi, watu wakaanguka. Mwanamkasi, muuza vitumbua, alikamatwa kwa sababu moja tu: unene haukumruhusu kukimbia. Kisha Asheri, utingo wa Luka, akaapa kwamba mama huyo ndiye aliyepiga yowe la kwanza.

Mzungu mkuu wa polisi akaridhika. "Aliyeanzisha atanyongwa. Kesho apelekwe kwa hakimu."

Uweso aliijua Makorora. Mama yule akipandishwa kizimbani, mtaa utawaka tena, na safari hiyo haitakuwa lori moja.

Alimkuta korokoroni, kanga imechanika begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunivika kitanzi, mwanangu, au unataka vitumbua? Leo sikupika."

"Ulipiga yowe?"

"Nilipiga. Nani hakupiga? Lakini si mimi wa kwanza. Nilikuwa uani natwanga mchele. Nikasikia mwanamume analia huko nje: 'Mumiani! Ana sanduku la chupa za damu!' Nikatoka mbio."

"Sanduku uliliona?"

"Ningelionaje? Lori limejaa machungwa pomoni! Vijana ndio waliopanda wakayafukua. Wakalikuta chini kabisa, limepigwa misumari."

"Aliyelia ni nani?"

"Uso sikuuona. Watu walikuwa kama siafu."

Mselem muuza kahawa, ambaye hata paka akizaa Makorora yeye huwa wa kwanza kujua, alieleza vilevile: yowe la chupa kwanza, sanduku baadaye.

Uweso akamwita Asheri ofisini.

"Nani alipakia lori Muheza?"

"Mimi na marehemu."

"Sanduku mlilitia lini?"

"Mwanzo. Machungwa yakaja juu yake."

"Nani mwingine aliyajua yaliyomo?"

"Mchungaji tu, aliyetupa."

"Leo mchungaji alikuwa Makorora?"

"Hapana, yuko Muheza."

"Basi muuza vitumbua alizionaje chupa chini ya machungwa?"

"Labda... alibahatisha."

"Na wewe je? Utingo wa mumiani si mumiani? Mwenzako kapondwa kichwa. Wewe hata kifungo cha shati hakijakatika!"

"Nilikuwa nimeshuka kununua sigara."

"Ukarudi upande gani, Asheri? Wa lori, au wa watu?"

Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Yudith," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemposa kwanza. Baba yake akasema mtu wa kuning'inia nyuma ya lori hana maisha, akampa dereva. Jumapili hii mchungaji angetangaza ndoa yao. Na divai ya Jumapili hiyo nikabebeshwa mimi, kwa mabega yangu!"

"Ukapiga yowe."

"Nilitaka wamzabe makofi tu, wamdhalilishe. Sikumgusa, Afande! Hata jiwe sikuokota!"

"Uliwaokotesha wenzako. Yeye alikuona?"

Asheri alijifunika uso.

"Alikuwa chini. Akaniita kwa jina. 'Asheri, waambie ni divai.'"

"Ukawaambia nini?"

Asheri alisema bila kuufunua uso.

"Nikawaambia wampige, anataka kutoroka."

Uweso aligonga meza mara moja. Askari wakamtia pingu.

Alirudi korokoroni, akafungua mlango mwenyewe, akamsimulia Mwanamkasi yote. Mama yule alisikiliza bila kutia neno, jambo ambalo Makorora haijapata kuliona.

"Nenda nyumbani, bibi. Kwa yowe lile hutashtakiwa."

Mwanamkasi hakuinuka.

"Nilimsikia akisema ni divai," alisema polepole. "Tulimsikia sote. Nikadhani mumiani hakosi uongo." Akaitazama mikono yake. "Mwanangu, kando ya lori mliokota mchi?"

Uweso aliitikia kwa kichwa.

"Ni wangu."

Mlango ulibaki wazi. Hakuna aliyetoka.