Nguruwe Kumi na Mmoja wa Matogoro

Nguruwe kumi na mmoja walikuwa wamekufa katika banda la Daktari Valence Haule, Matogoro. Wa kumi na mbili alikuwa bado anahema.

Inspekta Kunegunda Mapunda alifunika pua, akaingia.

"Walikula nini?"

"Mahindi yenye ukungu," alijibu Daktari Valence, mtafiti wa vyakula vya mifugo. "Lakini kwanza tunayaloweka na bakteria wetu. Wanaivunja sumukuvu, chakula kinakuwa salama. Miezi minane hakufa hata mmoja."

"Na sasa?"

"Bakteria wenyewe wamekufa."

Inspekta aliingia chumba cha kuchanganyia chakula, akainamia pipa la bakteria. Harufu ya klorini ilimchoma. Kufuli la chumba lilikuwa zima.

"Nani ana funguo?"

"Mimi na mzee Romanus, anayechanganya chakula. Lakini yule mzee hawezi."

Ripoti ya uchunguzi ilifika kituoni baada ya siku nne. Maini ya nguruwe yalikuwa yameharibiwa na sumukuvu. Maji ya pipa yalikuwa na klorini nyingi.

Inspekta akamwita Romanus. Daktari Valence naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi nyuma.

Mzee aliingia na suruali yake ya kazi, ya bluu. Magotini ilikuwa na madoa meupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Suruali imepatwa na nini?"

"Kufua tu."

"Klorini ya kufulia imeruka magotini tu?"

Mzee akayafunika magoti kwa viganja.

"Uliimwaga lini kwenye pipa?"

Romanus alitazama dirisha. "Siku ya pili baada ya kumzika Careen."

"Careen ni nani?"

"Mjukuu wangu. Miaka minne."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Mvua ilituharibia mahindi kule Mpitimbi," mzee alisema. "Daktari akachukua nusu, ya nguruwe wake. Nusu ikabaki nyumbani, tukala. Tungekula nini kingine? Mtoto akaanza kutapika. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji. Hospitali wakasema ini, wakauliza anakula nini."

"Kwa hiyo ukawaua nguruwe."

"Shamba ni lilelile, mwanangu. Kila asubuhi nawasafishia nguruwe chakula kwa mikono hii, jioni narudi kula uozo na mtoto. Nikasema nao wale kama tulivyokula sisi."

Daktari Valence alisimama. "Mzee Romanus, kwa nini hukuniambia?"

Romanus hakugeuka.

"Nilikuambia. Nilikuomba unisafishie debe moja, la mtoto. Ukasema njia hii haijathibitishwa kwa watu. Ukaendelea kupima uzito wa nguruwe."

Daktari akaketi tena.

Inspekta alimsogezea mzee maelezo yake na kidau cha wino. Romanus akabonyeza dole gumba, kisha akauliza kama anaruhusiwa kunawa.