Begi Jepesi na Sekunde Nane

Kila Ijumaa jioni Burgi aliteremka ngazi za ghala la chama cha wapanda milima pale Hintertobel, kijiji cha bondeni, akiwa ameziba pua. Kila mtoto wa kikundi cha vijana alipaswa kuchukua begi la kupandia mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, siku ya Jumamosi, pamoja na beleshi la kukunja na ufito mrefu wa kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa. Skii hazikumsumbua. Beleshi halikumsumbua. Mabegi ndiyo yaliyomtia kinyaa.

Mabegi yale yalimzidi umri mama yake. Yalikuwa yamefyonza jasho la migongo ya miaka arobaini, mchuzi uliomwagika na soksi zilizosahauliwa. Lililokuwa baya kuliko yote ni namba saba, begi la Burgi, lililonuka kama beberu aliyenyeshewa. Wazee wa bonde lile husema kwamba panya aliwahi kuingia humo kutafuta makombo, akatoka anatembea kwa miguu ya nyuma, maana ya mbele alikuwa amezibia pua. Burgi, mwenye miaka kumi na miwili na pua nzima, hakuona sababu ya kubisha.

Ijumaa moja alimkuta Shangazi Zenzi akimsubiri. Watoto wote walimwita shangazi, hata wasio na undugu naye. Ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na pia mmoja wa waokoaji wanaoitwa theluji inapoporomoka na kufukia watu.

"Wewe ndiye unayelalamika kuliko wote," alisema. "Haya, shika hili."

Lilikuwa begi la buluu, jipya, jepesi kama shati.

"Duka la mjini limetuazima. Kaa nalo wiki nzima, lipime, ujaze karatasi hii. Jumamosi ijayo tukishuka mlimani tutapiga kura. Likifaa, tutanunua kumi na mawili, na yale mazee tutayachoma moto."

Burgi alilinusa begi. Halikunuka kitu. Nusura alibusu.

Nyumbani alianza kwa bidii. Alilipima kwa mizani ya jikoni: nusu kilo na ushee, wakati namba saba lilipita kilo mbili. Alilijaza vitabu, akapanda na kushuka ngazi mpaka bibi yake akamuuliza kama anahama. Mikanda haikukata mabega. Yote hayo aliyaandika, na yote yalikuwa kweli.

Swali la mwisho lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu. "Begi likiwa limejaa, nawe umevaa glavu, beleshi linatoka kwa sekunde ngapi? Jaribu mara kumi, nje."

Mara kumi! Nje barafu ilikuwa inaning'inia kwenye paa kama meno ya mbwa mwitu, na Burgi alikuwa kitandani na kikombe cha chokoleti ya moto. Aliwaza: nikiandika namba mbaya, narudi kwa beberu. Akaandika, "Sekunde nane." Nane ilionekana namba ya heshima, si ndogo ya kutiliwa shaka, si kubwa ya kuharibu mambo.

Jumamosi ya kura alimkabidhi Shangazi karatasi, wakapanda. Bibi alikuwa amemfungia mkate na jibini ya kijivu, ile ya bondeni kwao, ambayo huiva mpaka ukiisemesha inakaribia kujibu. Burgi aliichukia. Aliisukuma ndani, juu ya beleshi, kwa kuwa begi lile jepesi lilikuwa na tumbo moja tu, bila mfuko wa nje.

Nyuma yake alikuja Wendelin, mvulana wa darasa lake, akiwa na namba saba mgongoni.

"Leo nimembeba marehemu wako," alisema. "Anakusalimu."

"Pita upande wa pili wa upepo, bwana. Nitatapika!"

Walipofika juu walibandua yale manyoya yanayobandikwa chini ya skii ili zisiteleze kurudi nyuma. Yalikuwa yameloa na kunata kwa gundi. Burgi aliyakunja, akayashindilia begini juu ya jibini. Wakati huo Shangazi Zenzi alitoweka nyuma ya jabali akiwa na gunia, akarudi mikono mitupu.

Desturi yake ilijulikana. Ndani ya gunia kulikuwa na chakula cha mchana cha wote, pamoja na kifaa cha kutoa na kupokea ishara kama kile ambacho kila mpanda mlima huvaa kifuani. Gunia lisipofukuliwa ndani ya dakika kumi, lilikuwa halali ya kunguru.

"Mtu kafukiwa!" alipiga kelele. "Afra, tafuta! Wendelin, choma! Burgi, chimba!"

Afra, mtoto mdogo kuliko wote, alikimbia na kifaa chake kikilia kwa kasi zaidi na zaidi. Wendelin akachoma theluji kwa ufito, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hapa! Burgi, beleshi!"

Burgi alishika zipu. Kishikio chake kilikuwa chembamba kama jino la panya. Glavu ilikipapasa na kukikosa. Akakiuma kwa meno na kuvuta. Zipu ilifunguka nusu, ikang'ata kitambaa, ikakwama, na mvuke wa tumbo la begi ukampiga usoni: manyoya yaliyoloa, gundi, na jibini iliyopashwa moto na mgongo wake asubuhi nzima. Akazamisha mkono. Kitu laini, vuguvugu, kikamteleza katikati ya vidole na kuingia ndani ya glavu. Beleshi lilikuwa chini kabisa, limebanwa.

"Burgi, harakisha!" Afra alilia.

Wendelin alitupa ufito, akavuta mfuko wa nje wa namba saba, na beleshi likawa mkononi kabla hujapiga chafya. Akachimba yeye.

"Wendelin, sekunde tano," alisema Shangazi akitazama saa. "Burgi, dakika tatu, na bado."

"Lo! Umebeba nini humo, mguu wa nani?" Wendelin aliuliza akipepea hewa.

Watoto walicheka. Kisha Wendelin akaongeza kwa huruma, "Lakini si kosa la begi, Shangazi. Ni hiyo jibini." Wote wakakubali. Burgi akaiacha jibini ibebe lawama.

Waliposhuka mpaka kibanda cha wapanda milima, Shangazi aliitoa karatasi mfukoni na kuisoma kwa sauti mpaka mwisho: "Sekunde nane." Afra alikuwa amelikumbatia begi la buluu bila kujali uvundo.

"Mimi nalitaka," alisema. "Yale mengine yananivunja mgongo. Na nikifukiwa mimi, Burgi atatoa beleshi kwa sekunde nane. Ameandika mwenyewe."

"Wanaotaka tununue, mikono juu."

Mikono ikapanda. Burgi alitaka kuinua wake, akauona: jibini imekauka katikati ya vidole. Akasikia kinyaa upya, na safari hii alijua hakikutoka kwenye jibini.

"Shangazi, ngoja," alisema. "Sikupima. Niliandika nikiwa kitandani. Ile nane... niliitunga."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Zenzi alikunja uso kama aliyelamba sabuni.

"Glavu," alisema. "Twende nje. Mara kumi."

Walilisafisha begi, wakalipanga vizuri bila jibini, na Burgi akajaribu mara kumi mbele ya wote, vidole vikifa ganzi. Mara ya haraka kuliko zote ilikuwa sekunde thelathini na moja. Nyingine zilivuka dakika. Kura ilipopigwa upya, mikono iliyopanda kibandani haikupanda tena, na begi la buluu likaamriwa kurudi dukani na karatasi mpya.

Jumapili Burgi alikuwa ghalani na ndoo, sabuni na brashi. Namba saba lilikuwa la kwanza. Ndani ya mshono alikuta kipande cha soseji cha enzi zisizojulikana, chenye manyoya kuliko paka.

"Shangazi, kinatazama!"

"Kitoe tu, hakitakuuma." Shangazi Zenzi alikunja mikono ya sweta, akachukua brashi ya pili, akapiga magoti kando yake. "Sikiliza, mwanangu. Begi linalonuka tunalijua, na dawa yake ni hii ndoo. Lakini uongo wako ulikuwa hauna harufu. Ungekaa kwenye karatasi safi, nasi tungeuamini, mpaka siku ya kumfukua Afra. Siku hiyo ndiyo tungesikia uvundo wake, na hakuna sabuni ambayo ingetusaidia."

Burgi aliishika ile soseji kwa vidole viwili, akaitupa, akarudi kusugua.