Picha Iliyofika Polisi Kabla Yangu

Waligongana kwenye ngazi za jengo la maduka, saa ya msongamano. Yeye fundi cherehani, kakumbatia vitambaa mpaka haoni mbele. Yule fundi simu, anapanda mbio.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo, dada. Yamekuona, yamegoma kurudi."

Alicheka bila kupenda. Baada ya miezi minane akawa anamwita mpenzi, tena mbele za watu.

Halafu Jumatatu, akiwa anapinda pindo, simu ikalia. "Binti, hapa ni kituo cha polisi. Tumeletewa picha yako ya faragha. Aliyetuletea ni fundi simu wa hapo chini kwenu."

Picha ya namna hiyo ilikuwa moja tu duniani, na aliipiga mchumba wake wa zamani, akaapa haitamtoka. Alishuka ngazi na mkasi mkononi, akaubamiza juu ya meza ya fundi simu wake.

"Umenivua nguo mbele ya polisi! Mshenzi mkubwa!"

Wateja wakageuka wote.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wa nani? Nakwenda kukushtaki!"

Na kweli akaenda. Kituoni, afande, mama wa makamo, alimwacha afoke mpaka akaishiwa pumzi.

"Umemkosea mtu, binti. Kusambaza picha kama hiyo bila ridhaa yako ni kosa. Kuileta kwetu ili kosa lichunguzwe si kosa. Hapo sheria haimgusi. Mteja alipeleka simu kubadilisha kioo. Fundi akafungua picha ajaribu kioo kipya, kama wafanyavyo wote, akakuta picha yako, kwenye kundi la mtandaoni la wanaume arobaini. Namba iliyokurusha humo ni ya huyo mchumba wako wa zamani uliyemtaja."

Wanaume arobaini! Aliandika maelezo yake kalamu ikitoboa karatasi.

Nje, fundi simu alikuwa amesimama juani, mkasi mkononi.

"Nilitaka kukuepusha na aibu," alisema.

"Aibu ya nini? Nimefanya nini mimi? Sheria haikugusi, sawa, lakini mimi nakugusa! Mwili wangu, halafu niwe wa mwisho kujua! Umekaa nalo siku ngapi?"

"Tatu. Nimekosa. Ilipasa nije kwako kwanza."

"Picha unayo?"

"Niliifuta afande alipothibitisha kaipata."

Dada wa watu akakumbuka kitu.

"Kumbe Jumamosi ulifungua mdomo ukaufunga... Mimi nikadhani unataka kuniposa."

"Nilitaka yote mawili. Nikashindwa yote."

"La kwanza nimeambiwa na polisi. La pili utaniambia mwenyewe, siku nitakayotoka mahakamani nimemshinda yule fedhuli. Kabla ya hapo usinishike hata kidole."

"Sawa. Mkasi wako huu."

"Ubebe wewe," alisema, akitangulia. "Nikiushika sasa hivi, sijiamini."