Glasi Tatu Mbele ya Telefone

Orpa alijifunza kupika mandazi tangu usichana wake. Kule Beni, katika komini ya Beu, sehemu moja ya mji huo, watu walimjua kwa kazi hiyo. Alikanda unga kabla jogoo hawajawika, akaufunika kwa kitambaa, akawasha moto. Moto ulipokolea, unga ulikuwa umekwisha kuinuka. Mandazi yake yalikuwa mepesi, na ndani yalikuwa na matundu kama sega la nyuki.

Mwaka wa 2016 vita vilikaribia mtaa wao. Usiku mmoja walisikia masasi, risasi za bunduki, upande wa mashamba. Kulipokucha, Orpa na mume wake Kasonia walipanda lori pamoja na watoto wao wawili, Hadassa na mdogo wake Sadrack. Wakaenda Butembo. Walipata chumba kimoja juu ya kilima, na kando yake jiko la mabati. Kasonia alianza kubeba mizigo sokoni. Orpa alinunua unga, sukari, mafuta na levire, ile chachu ya kuinulia unga. Alijiambia kwamba nyumba imebaki Beni, lakini mikono yake amekuja nayo.

Lakini Butembo si Beni. Beni iko chini, kwenye joto. Butembo iko juu ya milima, na asubuhi ukungu unalala juu ya mabati mpaka jua linapopata nguvu. Orpa alikanda unga wake kama siku zote, akaufunika, akawasha moto. Alipofunua kitambaa, unga ulikuwa chini ya beseni, vilevile alivyouacha. Aliukaanga hivyo hivyo. Mandazi yakatoka magumu. Wanunuzi walionja mara moja, hawakurudi.

Aliongeza levire. Mandazi yakanuka kama pombe. Jirani yake, Mama Solange, alimshauri akande kwa maji ya kuchemka.

"Levire yako imelala, Mama Hadassa," alisema. "Uipige na maji ya moto kabisa, itaamuka."

Orpa alifanya hivyo. Siku hiyo mandazi yalizama ndani ya mafuta kama mawe. Mama Solange alitazama sufuria, akasema polepole kwamba labda kuna mtu amefunga biashara yake kwa uchawi. Orpa alikuwa mtu wa sala. Aliomba asubuhi na jioni. Unga haukuinuka.

Kwa kuwa wanunuzi hawakuja tena mlangoni, alimwambia Hadassa aache masomo kwanza, atembeze mandazi barabarani. Mtoto alizunguka kilima chote na beseni kichwani, akarudi nalo limejaa.

Jioni moja Kasonia aliketi mlangoni, akazungumza bila kumtazama mke wake.

"Orpa, tuliacha shamba ya kakao kule. Hapa tuko na nini? Nimeonana na shofere mumoja. Wiki ijayo atatubeba, turudie Beni."

"Na masasi?" Orpa aliuliza.

"Masasi inaua mutu mara moja. Njaa inaua polepole."

Orpa alienda kulala. Usingizi ulikataa. Alimsikiliza Sadrack akipumua kando yake, na alijua kwamba kama mandazi yangeuzwa, mume wake asingetamka neno lile.

Kesho yake mwalimu wa Hadassa alifika nyumbani. Jina lake Apollinaire. Alikuwa kijana mrefu, mwenye koti la mvua na viatu vyenye matope. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana, aliwakusanya watoto katika chumba cha kanisa na kuwafundisha kutumia telefone yake kwa namna ya pekee. Hadassa alikuwa amesimulia mambo hayo nyumbani mara nyingi, lakini Orpa aliona ni mchezo tu. Telefone ni ya kuita watu, alisema.

Mwalimu alisalimu, akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Orpa hakuficha. Alieleza habari ya unga, ya baridi, ya maji ya kuchemka na ya shofere. Apollinaire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Hadassa, akamwuliza yeye angefanya nini.

Mtoto alifikiri. "Tuulize levire yenyewe," alisema. "Tuipige foto vile tulipiga kivuli ya muti."

Orpa hakuelewa. Basi mwalimu alitoa telefone na kumwonyesha. Palikuwa na mti mmoja wa bendera katika uwanja wa shule, na kivuli chake chini. Kivuli kilianza upande mmoja, kikazunguka, kikafika upande wa pili, kwa muda wa kumeza mate. Kilitembea kama mkono wa saa.

"Hii ni siku muzima, Mama," alieleza Apollinaire. "Batoto baliweka telefone pahali pamoja, hapana kuisogeza. Kila dakika kidogo ikipita, foto moja. Halafu foto zote zinapita mbio, moja nyuma ya ingine. Kile kilienda polepole, sasa unaona kinatembea. Jicho ya mutu inachoka, inaenda kuangalia kitu ingine. Telefone inangojea."

Aliongeza kwamba kivuli hakizunguki chenyewe. Ni dunia inayozunguka, nasi tukiwa juu yake.

Orpa alitazama kivuli kile mara ya pili. Aliwaza unga chini ya kitambaa. Alikuwa akiufunika na kuufunua miaka yote, lakini hakuwahi kuuona ukiinuka. Alikuwa ameona mwanzo na mwisho tu. Akakubali.

Siku ya posho watoto wa kikundi walikuja nyumbani kwake pamoja na mwalimu. Hadassa ndiye aliyewaongoza. Aliomba glasi tatu za kufanana. Akampa mama yake kazi ya kukanda, maana hakuna aliyejua unga kuliko yeye. Unga kipimo kimoja, sukari kipimo kimoja, levire kipimo kimoja. Ni maji tu yaliyotofautiana.

"Juu ya nini maji tu?" aliuliza Orpa.

"Tukibadilisha vitu viwili, hatutajua ni gani ilifanya kazi," alijibu Hadassa.

Glasi ya kwanza ilipata maji baridi ya mtungi, ikasimamishwa katika bakuli la maji baridi. Ya pili ilipata maji ya vuguvugu, ikasimamishwa katika bakuli la maji ya vuguvugu. Ya tatu ilipata maji ya kuchemka, kama alivyoshauri Mama Solange, kisha ikawekwa kando ya ile ya pili, katika bakuli lilelile. Kila glasi ilifungwa kamba nyembamba ya mpira pale unga ulipofika, ili ionekane kama utapanda. Telefone ilisimamishwa ndani ya sanduku la sabuni lililojazwa mchanga, isitikisike. Hadassa aliipanga ipige picha moja kila dakika.

Orpa hakuweza kukaa bure. Aliona matone ya maji juu ya meza. Akachukua kitambaa, akainua glasi ya pili, akapangusa, akairudisha. Watoto walipotazama filamu, waliona mkono mkubwa ukipita kama umeme, na glasi ikaruka upande mwingine. Mtoto mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Orpa alicheka pia. Haikuwa imetokea tangu walipotoka Beni.

Ilibidi kuanza upya. Safari hii Orpa alishika mikono yake nyuma ya mgongo. Maji ya vuguvugu yalipopoa, aliongeza mengine kwa kijiko kirefu bila kugusa glasi. Jua lilipoanza kushuka, telefone ilikuwa karibu kuzimika. Hadassa alifungua filamu, na wote wakainama pamoja, hata Mama Solange aliyekuwa amekuja kuona wanafanya nini.

Glasi ya pili ilikuwa hai. Unga ulipanda juu ya mpira, ukatoa mapovu, ukavimba, ukapumzika, ukapanda tena, kama kifua cha mtoto aliyelala. Glasi ya kwanza ilikuwa imesogea kidogo sana. Glasi ya tatu haikusogea hata kidogo.

"Inapumua," alisema Orpa.

Apollinaire alisema Orpa amesema kweli. Levire si dawa wala si unga. Ni viumbe wadogo sana, wengi mno, ambao jicho haliwezi kuwaona. Wanakula sukari, kisha wanatoa hewa. Hewa hiyo ikinaswa ndani ya unga, inatengeneza matundu, na unga unainuka. Wakiwa katika vuguvugu, wanakula kwa nguvu. Maji ya kuchemka yanawaua, na aliyekufa haamki. Mama Solange aliinamisha kichwa. Orpa alimshika mkono, akamwambia hakuna aliyejua.

"Na hii ya baridi?" Hadassa aliuliza.

"Hii nayo nazania imekufa," alisema mwalimu.

Watoto waliaga. Glasi zilibaki juu ya meza. Asubuhi Orpa alienda kuziosha, akasimama. Unga wa glasi ya kwanza, ile ya baridi, ulikuwa umepita mpira, umepita mdomo wa glasi, na umemwagika mezani. Ile ya tatu ilikuwa palepale. Hakungoja chai. Alimtuma Hadassa amwite mwalimu kabla ya ibada.

Apollinaire alikuja, akaitazama glasi kwa muda mrefu. Akasema wazi mbele ya watoto kwamba alikosea. "Nilifunga maneno mbio," alisema. "Tulizima telefone mapema. Tuipige tena, lakini foto moja kila dakika tano. Kitu ya polepole inataka uvumilivu mingi."

Walipiga siku hiyo yote, kwa glasi ya baridi peke yake. Jioni filamu ilionyesha jambo lilelile lililoonekana katika vuguvugu: mapovu, kuvimba, kupanda. Njia ilikuwa moja. Mwendo ndio uliotofautiana. Baridi haikuwa imeua levire. Ilikuwa imeipunguza mwendo tu.

Hapo Orpa mwenyewe alipata wazo, na hakuna aliyemfundisha. Kama baridi inachelewesha, yeye naye atawahi. Jioni hiyo alikanda unga kwa levire kidogo kuliko zamani, akaufunika vizuri, akaenda kulala. Alilala usingizi mzima. Alfajiri beseni lilikuwa limejaa mpaka juu, na kitambaa kilikuwa kimeinuliwa kama hema. Mandazi yalielea juu ya mafuta, yakajigeuza yenyewe. Kasonia alikula moja kabla ya kwenda sokoni. Alikula la pili. Akachukua mengine katika karatasi kwa ajili ya wabebaji wenzake, na kabla ya saa sita wawili kati yao walikuwa mlangoni wakiuliza kama yamebaki.

Siku ya safari ilifika. Shofere alisimama chini ya kilima, akapiga honi. Kasonia alishuka kuzungumza naye. Orpa alibaki jikoni. Mume wake aliporudi, lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Nimemwambia aende," alisema Kasonia. "Hadassa arudie masomo leo."

Kabla ya mwezi kwisha, habari ilifika kwamba watu wamekimbia tena upande wa shamba lao, na njia imefungwa. Kasonia alisikia habari hiyo kwa redio ya jirani. Aliingia ndani, akamchukua Sadrack, akamweka juu ya magoti yake, akakaa naye mpaka chakula kikaiva.

Wanawake wengine waliokimbia vita walikuwa na shida ileile ya unga. Walimwomba Orpa awaambie siri yake. Yeye aliwajibu kwamba hana siri, waje kanisani siku ya posho na watoto wao. Walikuja wengi mpaka wakasimama mlangoni. Hadassa aliwapitishia telefone, wawili wawili, wakaona unga ukipumua. Mama mmoja aliyetoka Kanyabayonga aliuliza atajuaje kama maji yametosha moto, bila kuunguza viumbe wale.

Mwalimu alifungua kinywa kujibu. Kisha akamgeukia Orpa.

Orpa alisimama. Alikunja mkono wa nguo yake, akawaonyesha kiwiko.

"Tia hapa ndani ya maji," alisema. "Kama ungeweza kuogesha mutoto muchanga na hayo maji, basi yanafaa. Na kama kuni hakuna, kanda magaribi, ufunike, ulale. Itafanya kazi yenyewe wakati unapumuzika."

"Wasingya, mwalimu," alisema mama wa Kanyabayonga, na shukrani hiyo alikuwa akimwambia Orpa.