Kufuli la Kisima

Fideli ni fundi seremala wa Ng'ambo, Tabora. Kila asubuhi hupiga randa huku akitaja wafalme wa Israeli. Haruki hata mmoja. Majirani hupita wakimtania, "Fundi, leo umefika kwa mfalme gani?" Mkewe, Levina, hucheka mpaka anaacha kufagia.

Nyumbani kwao kuna kisima kisichokauka hata kiangazi. Mtaa mzima huchota hapo, isipokuwa nyumba ya Shilinde, jirani yao Msukuma. Mbuzi wa Shilinde walikula mchicha wa Fideli, wanaume hao wakatukanana. Basi Fideli akakifunga kisima kwa kufuli. Wengine huwafungulia. Shilinde na mkewe, Stela, hawafungulii.

Siku moja Mama Josepha, kiongozi wa jumuiya yao, alikuja kumsaidia Fideli kujiandaa. Mashindano ya maswali ya Biblia parokiani yalikuwa yamekaribia.

"Nani alimpa maji mtumishi wa Abrahamu, akawanywesha na ngamia wake?"

"Rebeka! Mwanzo, sura ya ishirini na nne. Uliza gumu basi, Mama."

Wakati huo Stela alipita njiani na ndoo kichwani. Alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Alisimama, akashika kiuno, kisha akaendelea polepole.

"Maji ameyatoa wapi?" Mama Josepha aliuliza.

"Bondeni," Levina alijibu kwa sauti ndogo. "Hapa kumefungwa."

Fideli alitazama chini. "Mama, wale mbuzi wake..."

"Mbuzi nimewasikia. Je, Stela naye alikula mchicha wako?"

Fideli aligeuka kulitazama lile kufuli.

"Sikusemi vibaya, mwanangu," Mama Josepha alisema. "Kusoma umesoma vizuri. Ila ukimaliza kusoma, jiulize: neno hili linanitaka nifanye nini leo, na nimfanyie nani? Kisha inuka ukafanye, hata kama ni jambo dogo."

Fideli aliinuka. Alifungua kufuli, akachota ndoo mbili, akazibeba hadi kwa Shilinde. Je, akifukuzwa?

Shilinde alitoka mlangoni amekunja uso.

"Mwangaluka," Fideli alisalimia kwa Kisukuma, akalitamka vibaya sana.

Stela aliangua kicheko ndani. Shilinde alijaribu kununa, ikamshinda, naye akacheka.

"Nimekuja kuomba radhi," Fideli alisema. "Nimewanyima maji. Nimekosa. Njooni mchote wakati wowote."

Shilinde alipokea ndoo. "Na mimi mbuzi wangu sikuwafunga. Nilijua kosa ni langu, lakini kiburi kilinizuia kusema. Kesho nitakuja kukuzungushia bustani ua."

Akaja kweli, na panga lake na miti. Walifanya kazi pamoja hadi mchana, wakala ugali na mlenda wa Levina.

Stela alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Kitete. Aliporudi, mtaa mzima ulimpokea kwa vigelegele. Maji ya kumwogesha mtoto yalichotwa na Fideli mwenyewe. Stela alimweka mtoto mikononi mwake.

"Tumemwita Rebeka," alisema. "Hilo jina hatuna haja ya kukufundisha, fundi."

Fideli alitaka kutaja sura. Badala yake alimkumbatia mtoto, akacheka huku machozi yakimtoka.