Vumbi la Mgodini

Maiti ililala kifudifudi, uso ndani ya chemchemi ambayo marehemu alikuwa ameichunguza miaka miwili. Konstebo alishafunga kesi kichwani mwake: binti kateleza, kajigonga kwenye jiwe, basi. Inspekta alichuchumaa akatazama jeraha. Lilikuwa kisogoni. Anayeanguka kifudifudi hajipasui kisogo, jamani, hata mtoto analijua hilo.

Ndani ya jeraha kulikuwa na vumbi jeusi. Mawe ya pale yote ni meupe.

Daktari alilitoa vumbi lile, likapelekwa maabara ya miamba. Fundi wa maabara alipima isotopu, yaani aina za atomi za risasi zilizomo, akaeleza kwamba kila mwamba una uwiano wake, na uwiano huo haughushiki. Vumbi lilitoka kwenye mgodi mkongwe wa madini ya risasi, nyuma ya mlima. Mwezi ule aliyeingia mgodini ni mmoja tu: Profesa, mwalimu wa marehemu, aliyefuata mawe ya kulinganishia.

Nyundo yake ya kuvunjia mawe ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Alisahau tundu la mpini. Damu ilikuwa imegandia humo.

Inspekta alimkuta ofisini, akaweka mezani nyundo na glasi ya maji ya chemchemi.

"Nyundo ni yako?"

"Ni yangu."

"Na damu?"

Profesa alivua miwani. Hakuwa na ujanja tena, akayatapika yote. Miaka ishirini aliwahakikishia watu kwamba maji yale ni safi. Binti akapima mawe ya kinywani mwa chemchemi, isotopu zikasema maji yanapita mgodini kwanza, yanabeba sumu.

"Mke wangu alikufa kwa figo," alisema. "Maji yale nilimbebea mwenyewe, dumu kwa dumu. Huyu mtoto akaniletea karatasi inayosema nimemuua."

"Ukamuua yeye."

"Aliniita chemchemini, ana neno kuhusu majibu. Nilijua anataka kuyatangaza. Alipoinama kuchota maji, nikampiga."

"Hukumuuliza neno lenyewe?"

"La nini?"

Inspekta alitoa daftari lililokutwa kwenye mkoba wa marehemu, akalifungua ukurasa wa mwisho, ulioandikwa asubuhi ya kifo chake. Binti alikuwa amepima upya. Mawe ya chemchemi hayakuwa na chembe ya mgodi. Majibu ya kwanza yaliharibiwa na vumbi lililobaki kwenye kinu cha kusagia mawe. Chini aliandika: *Nimwahi Profesa. Anateseka bure, maskini.*

Profesa alisoma mara mbili.

"Kinu hakikuoshwa," Inspekta alisema. "Siku ya kipimo cha kwanza, kabla yake alikitumia nani?"

Fundi alishamwambia. Inspekta alitaka tu kulisikia jibu kwa mwenyewe.

"Nani, Profesa?"

"Mimi." Alilifunga daftari. "Nilisaga mawe ya mgodini. Nilikuwa na haraka."

Inspekta alimwonea uchungu binti yule, si mtu huyu hata kidogo. Alimwita konstebo alete pingu. Kisha akaisogeza glasi mpaka ikagusa vidole vya Profesa.

"Kunywa," alimwambia. "Ni safi, kama ulivyosema siku zote."